Safari ya Kirumba

Wapo wasomaji watakaostaajabu kuona habari za mpira wa miguu zimeingia katika kitabu cha utamaduni wa taifa. Ngoma, mashairi, vitendawili na ususi wa mikeka vinakubalika bila ubishi. Lakini mchezo ulioletwa na wageni, ambao sheria zake ziliandikwa London mwaka 1863, una nini cha kutufundisha juu yetu wenyewe? Swali hili tumeulizwa mara nyingi na walimu, na mara nyingine tumejiuliza wenyewe. Hatutalijibu kwa nadharia. Tutasimulia safari moja tuliyoifunga mwezi Oktoba, 2010, kutoka Nkwenda hadi Mwanza, kwenda kutazama mchezo wa dakika tisini; na tutaungama kosa moja tulilolitenda katika safari hiyo.

Yafaa msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba neno "sisi" katika insha hii ni desturi ya waandishi tu. Msafiri alikuwa mmoja: karani wa masjala mwenye elimu ya sekondari, aliyezoea kutunga mashairi jioni baada ya kufunga majalada ya watu wengine. Alikwenda peke yake, akala peke yake, na alilala peke yake katika nyumba ya wageni. Sababu ya kulitaja jambo hili itaonekana mbele.

Nkwenda iko katika wilaya ya Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka wilaya ya Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na mibuni. Ng'ambo ya mto Kagera, upande wa magharibi, ni Rwanda. Kaskazini ni Uganda. Kampala na Kigali ziko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na tulipokuwa watoto mawimbi ya redio za huko yalitufikia kwa urahisi kuliko ya Redio Tanzania. Hata hivyo, siku za michezo mikubwa, wazee walikusanyika uani kwa baba yetu, wakazungusha kitufe cha redio kwa subira mpaka sauti ya mtangazaji wa Dar es Salaam ikasikika, ikipanda na kushuka kama mtu anayesema ndani ya upepo. Sisi watoto wa Kinyambo tulijifunza pale maneno ambayo mwalimu hakuwa ametufundisha: mlinda mlango, kandanda, lango kuwa wazi, mpira kuambaa. Kama leo twaandika Kiswahili kinachosomeka, sehemu ya deni hilo ni ya redio ile.

Baba yetu alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na alikuwa mpenzi wa Simba. Fahari yake ilikuwa moja: yeye hakuusikia kwa redio mchezo wa tarehe 10 Agosti, 1974, aliuona. Siku hiyo Simba na Yanga walikutana katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, kuamua ubingwa wa taifa. Mkoa wetu wakati huo ukiitwa Ziwa Magharibi. Baba aliomba ruhusa kazini, akapanda lori la kahawa hadi Bukoba, akavuka ziwa kwa meli ya Victoria, peke yake, bila kumjua mtu yeyote huko aendako. Sisi tulikuwa na umri wa miaka sita.

Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Zikiwa zimebaki dakika chache mchezo umalizike, Gibson Sembuli akasawazisha. Na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaifungia Yanga bao la pili. Mambo hayo yamo katika kumbukumbu za mpira wa nchi hii, na mzee yeyote wa umri ule aweza kuyasimulia. Lakini baba alipoyasimulia hakuishia hapo. Kando yake uwanjani alikaa mpenzi wa Yanga, dereva wa lori la pamba kutoka Magu. Kwa muda wa saa mbili walitaniana bila kufahamiana. Kipenga cha mwisho kilipolia, dereva yule alimwona baba ameinamisha kichwa, akamuuliza atalala wapi. Baba hakuwa na pa kulala. Basi mtu yule akamchukua hadi kwa nduguye mjini, akampa ugali, samaki na mkeka. Baba alizoea kumaliza kwa maneno haya: "Walitufunga mawili kwa moja, kisha wakanilisha."

Tulikua na hadithi hiyo, na tulidhani kwamba tumeielewa.

Tangu ujana tuliazimia kwamba siku moja tungeifuata njia ile ya baba. Lakini tarehe 21 Mei, 1996, meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Mkoa mzima wa Kagera ulivaa msiba. Miongoni mwa waliopotea alikuwamo mwenzetu tuliyekaa naye dawati moja katika shule ya sekondari. Mwili wake haukutambuliwa kamwe. Kuanzia siku hiyo hatukupanda meli. Tulipotumwa Mwanza kikazi tulizunguka kwa basi kupitia Biharamulo, na tulipoulizwa sababu tulisingizia kichefuchefu. Ukweli ni kwamba tuliogopa maji, na tulimwogopa mwenzetu aliyekuwamo ndani yake.

Mwaka 2010 ikatangazwa kwamba Simba na Yanga wangecheza Mwanza, katika Uwanja wa CCM Kirumba, Jumamosi tarehe 16 Oktoba. Baba alikuwa amefikia umri wa miaka sabini na miwili, na macho yake yalikuwa yamefifia. Tulimpelekea habari hiyo kama jambo la kupita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nenda. Kwa meli."

"Tata, mchezo wenyewe utatangazwa redioni," tulimjibu.

"Redio itaniambia nani kafunga," alisema. "Haitaniambia nani alikaa kando yako."

Alimwita mama, akaletewa kahawa ya kutafuna iliyofungwa katika ganda kavu la mgomba. Msomaji wa mikoa mingine huenda haijui kahawa hiyo. Kwetu matunda ya mbuni huchemshwa yangali na ganda lake pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa juani, na mgeni akifika hupewa atafune kabla hajaambiwa neno jingine. Zamani, wazee walipofunga undugu wa damu, walitumia punje mbili zitokazo katika ganda moja. Kila mmoja akameza ya mwenziwe. Baba alitupa fungu lile bila maelezo.

Ijumaa alfajiri tulipanda gari dogo la abiria kuelekea Omurushaka. Barabara ilikuwa ya vumbi, na vumbi lile jekundu lilikaa juu ya abiria wote kwa usawa. Tulipita Kayanga, tukateremka mpaka Kyaka, tukapita karibu na daraja la mto Kagera ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwezi Novemba, 1978, na ambalo sisi, wakati huo wanafunzi wa shule ya msingi, tulilisikia likitajwa redioni kila siku. Jioni tulikuwa Bukoba. Usiku, meli ya Victoria iling'oa nanga.

Hatutamficha msomaji hali yetu. Tulikaa sitahani, karibu na ngazi, mkono mmoja ukishika mkoba na mwingine ukishika chuma. Wengine waliimba, wengine walilala juu ya mikungu ya ndizi. Wengi walikuwa safarini kwa ajili ya mchezo ule ule, nao walikuwa wamevaa nyekundu na nyeupe, au kijani na njano. Walibishana mpaka usiku wa manane. Kelele zao zilituudhi mwanzoni; baadaye tuligundua kwamba maadamu walikuwa wakibishana, sisi hatukuwa tukiyasikia maji.

Kulipopambazuka tuliyaona majabali ya Mwanza yakisimama ndani ya ziwa, kama yalivyoonekana machoni pa baba. Tukashuka. Mji ulikuwa umejaa bendera za vyama, kwa sababu uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza wiki mbili. Lakini kadiri tulivyokaribia Kirumba ndivyo rangi za vyama zilivyopungua, zikabaki rangi za timu mbili tu.

Tulinunua tikiti, tukaingia mapema, tukapata nafasi juu ya ngazi za saruji zilizopata moto wa jua. Kando yetu akaja kuketi mama mmoja wa makamo, mnene, amejitanda kanga ya kijani juu ya fulana ya njano. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, baba," akatutazama kitambaa chetu chekundu, akasema, "Pole."

"Mchezo haujaanza, mama."

"Ndiyo maana nakupa pole mapema, ikusaidie."

Akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia Nkwenda, alisema hajapata kuisikia. Tukataja Karagwe. "Basi wewe Mhaya," akasema. Tukamweleza kwamba sisi ni Wanyambo. Akajibu kwamba kwa mtu wa Simba hiyo ni tofauti ndogo. Watu wa ngazi ya chini yetu wakageuka wakacheka, nasi tukacheka pia. Yeye alikuwa mzaliwa wa Ukerewe, mwuza samaki katika soko la Mwaloni, lisilo mbali na uwanja huo. Alikuwa amefunga biashara yake siku nzima. Tulifungua lile ganda la mgomba, tukampa kahawa. Akatafuna, akakunja uso kama mtoto aliyepewa dawa. Baada ya kitambo akanyosha kiganja bila kututazama, akataka nyingine.

Kipindi cha kwanza kilikwisha pasipo bao. Katika mapumziko tulimsimulia habari ya baba, na Nyamagana, na dereva wa Magu. Alisikiliza kwa makini kuliko alivyoutazama mchezo. Aliuliza kama mzee bado yu hai. Tulipomwambia kwamba yu hai na kwamba yu kando ya redio wakati ule ule, alinyamaza, kisha akasema, "Basi leo tutamliza tena, maskini."

Ikawa hivyo. Katika dakika ya 70 Jerry Tegete aliifungia Yanga bao. Nusu ya uwanja ilisimama kwa pamoja. Nusu nyingine ikabaki imekaa kama watu walioambiwa habari ya msiba. Tumewahi kusikia vishindo katika maisha yetu, lakini hatujasikia kishindo kama kile, ambacho upande mmoja ni radi na upande wa pili ni ukimya. Mama yule aliruka, akapiga vigelegele, akaifungua kanga yake akaipunga. Alipoketi alikuwa anahema. Akaweka mkono begani mwetu, akasema, "Pole, mwanangu. Sasa ni pole ya kweli."

Mchezo ulikwisha kwa bao hilo moja. Tuliposimama kuondoka alitushika mkono, akatuongoza hadi sokoni, penye kibanda chake. Akafungua kufuli, akachagua sato mkubwa mkavu, akamfunga katika gazeti. Tukatoa fedha, akazikataa kwa hasira ya kweli. "Mpelekee mzee," akasema. "Mwambie Yanga wamemlisha mara ya pili." Tukamshukuru, tukaagana, tukaondoka tukiwa na furaha isiyomfaa mtu aliyefungwa.

Jumapili ilikuwa siku ya bure, kwa maana meli ilikuwa iondoke usiku. Tulikuwa tumejiahidi kupumzika, lakini miguu ilitupeleka kwenye gari la Igoma. Huko ndiko walikozikwa wengi wa marehemu wa meli ya Bukoba. Kwa miaka kumi na minne tulikuwa hatujafika. Palikuwa kimya, na majani yalikuwa yameota. Tulitembea kati ya makaburi tukimtafuta mwenzetu, ingawa tulijua kwamba hatungeweza kumpata, kwa kuwa wengi walizikwa bila kutambuliwa. Pale walilala Wahaya, Wanyambo, Wasukuma, Wakerewe, wafanyabiashara, wanafunzi, akina mama na watoto wao. Tulisimama, tukalitaja jina lake kwa sauti, mara tatu. Hatukuwa na ibada nyingine ya kumfanyia.

Usiku, meli ilipokuwa katikati ya ziwa, hofu haikuja. Lilikuja jambo jingine. Tulipokuwa tukimkumbuka mwenzetu na jina lake tulilolitaja, tuliushika mkoba, tukamgusa yule samaki, tukashtuka. Tulikuwa tumekaa na mtu saa nzima na zaidi. Tumempa kahawa, chakula cha undugu. Tumekula utani wake. Tumebeba zawadi yake. Na hatukuwa tumemuuliza jina lake. Hata "mama" tulilomwita ni jina la mama wote.

Tulifika Nkwenda Jumatatu usiku. Baba alikuwa macho. Hakuuliza habari ya bao, kwa kuwa alikwisha kulisikia redioni. Alimshika samaki kwa mikono miwili, akamnusa, akacheka kwa muda mrefu tulipompa salamu za Yanga. Kisha akasema, "Jina lake nani?"

Tulinyamaza.

"Umekula cha mtu hujamuuliza jina?"

Tukajaribu kujitetea. Tukamwambia kwamba hata yeye hakuwahi kututajia jina la dereva wa Magu. Baba aliuelekeza uso wake upande wetu, akalitaja jina la dereva yule, na jina la mkewe, na la nduguye mwenye nyumba, na la mtoto wao mkubwa aliyekuwa na umri kama wetu. Ilikuwa imepita miaka thelathini na sita. Ndipo mama akasema kutoka jikoni kwamba baba alikuwa akiyataja majina yale kila mara aliposimulia. Ila sisi watoto, mabao yalipokwisha, tuliinuka tukaenda kucheza.

Hayo ndiyo tuliyoyapata Kirumba, nasi tunayaweka mbele ya walimu na wanafunzi kwa sababu yanalijibu swali la mwanzo wa insha.

Tarehe 10 Desemba, 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Tangu hapo watu wengi wamedhani kwamba utamaduni ni vitu vya kuhifadhiwa. Lakini utamaduni ni pia namna watu wanavyokipokea kitu cha kigeni na kukifanya chao. Huko Marekani twasoma kwamba watu husafiri mji hata mji kutazama besiboli, mchezo uliotokana na michezo ya Waingereza, na leo hakuna auonaye kuwa wa kigeni. Sisi tuliupokea mpira wa miguu, tukautia utani.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ingawa hii ya pili haikuitwa Simba mpaka mwaka 1971. Kabla ya hapo ilijulikana kwa jina la Sunderland. Zote mbili zilizaliwa katika mji mmoja, kama punje mbili za kahawa katika ganda moja. Taifa halikuziita maadui. Liliziita watani wa jadi. Neno hilo halikutoka Uingereza. Lilitoka kwa babu zetu, ambao Msukuma na Mzaramo wao waliweza kutukanana njiani na kuzikana nyumbani. Mtani hukucheka unapoanguka, lakini ndiye wa kwanza kufika msibani. Palipo na utani, aliyeshinda ana wajibu wa kumlisha aliyeshindwa. Tulipoona watu wakipigana mawe kwa ajili ya timu, kama ilivyotokea mara kadhaa katika viwanja vyetu, tulijua kwamba wameubakiza mpira na kuutupa utani; yaani wameubakiza ule wa wageni na kuutupa ulio wetu.

Lakini utani una sharti moja, nalo ndilo tulilolivunja: mtani lazima ajulikane. Halaiki ya watu elfu nyingi si taifa bado. Yaweza kupiga kelele pamoja na kutawanyika bila mtu kumjua mwenziwe. Taifa huanza pale mmoja anapomgeukia aliye kando yake, akauliza, "Wewe ni nani, na watu wako hawajambo?" Sisi tulisafiri peke yetu, na neno "sisi" lilikuwa la kalamu tu. Mama yule alitaka kulifanya kuwa kweli, akafika mpaka mlangoni, nasi hatukumfungulia.

Mwaka 2013 tulirudi Mwanza kikazi, tukaenda Mwaloni, tukauliza habari za mama mnene wa Ukerewe, mwuza samaki, mpenzi wa Yanga. Watu wakacheka. Wakasema, "Wa namna hiyo hapa wako wengi. Jina lake nani?" Meli ya Victoria ilisimama mwaka 2014, ikarudi majini mwaka 2020 ikiwa na jina jipya, baba hakuiona ikirudi. Alifariki mwaka 2016, na miongoni mwa majina aliyoyataja katika siku zake za mwisho lilikuwamo la dereva wa Magu.

Tulimtungia mama yule shairi, na ubeti wake mmoja ni huu:

Ziwa tulilivukia, mpira kuutazama,
Wawili tukakalia, ngazi moja kama jama,
Samaki akatutia, mkononi kwa heshima,
Hatukumuulizia, jina lake yule mama.

Vijana, mkipata nauli nendeni mkatazame michezo katika miji ya mbali. Shangilieni, taniani, fungweni na mfunge. Mkirudi, wazee wenu watakuwa wamekwisha kuyasikia mabao. Wapelekeeni majina.